Mkwaruzo Uliokataa Kuziba

Kila siku ya kazi, saa moja na robo asubuhi, kabla watu wa ghorofa ya pili hawajafungua hata mlango wa choo, Mama Chupa alikuwa ameshavaa glavu na kwenda kuwajulia hali watoto wake. Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara, maana kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kulea seli ndani ya chupa bapa za plastiki: kuzilisha, kuzihamisha zikisongamana, kuzigandisha zikizidi, kuzifufua zikihitajika. Seli zenyewe zilikuwa za saratani ya titi. Zilitolewa zamani kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemjua, mgonjwa akafariki, zenyewe zikaendelea kuishi kana kwamba hakuna aliyezipa taarifa za msiba. Mama Chupa alizizungumzia kama mzazi anavyozungumzia watoto watundu. Leo wamekula wakasaza, angesema. Au leo wamenuna, sijui nani kawaudhi.

Mkuu wa maabara alikuwa Profesa, mwanamke mwembamba aliyetembea kama mtu anayekimbilia mlango kabla haujafungwa. Alikuwa akifuatilia jambo moja kwa miaka minne. Ndani ya kila seli, jeni hutoa maagizo kwa njia ya ujumbe. Ujumbe unasomwa, na kilichoagizwa kinatengenezwa. Lakini vipo vipande vifupi mno vya RNA, kemikali ileile inayobeba ujumbe huo, ambavyo havitengenezi kitu. Kazi yao ni kuzuia. Vinanata juu ya ujumbe fulani, na ujumbe ulionatwa hausomwi tena, mwishowe unachanwachanwa. Profesa aliwaambia wageni kwamba vipande hivyo ni kama karani wa mapokezi anayeamua barua ipi imfikie mkubwa na ipi iishie kwenye kapu la taka. Katika seli za saratani ya titi baadhi ya makarani hao hupungua, na barua za hatari hupita bila kizuizi: gawanyika, bandua miguu hapo ulipo, nenda kwapani, nenda kwenye mapafu. Swali lake lilikuwa hili: ukimrudisha karani mmoja aliyepungua, je, seli itatulia?

Kipande alichokichunguza kilikuwa na jina refu la herufi na tarakimu. Mama Chupa, ambaye hakuwa na subira na majina ya namna hiyo, alikiita Bwana Kimya, na baada ya mwezi mmoja hata Profesa alikuwa akisema Bwana Kimya bila kucheka.

Namna ya kujua kama seli zimetulia ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unaziacha zijae chini ya kisima kidogo cha plastiki hadi zitandikike kama mkeka. Kisha unachukua ncha ya pipeti, kile kijibomba cha kufyonzea matone, na kuchora mkwaruzo mmoja katikati, kutoka juu hadi chini, mstari ulionyooka. Unapiga picha. Unazirudisha kwenye kabati la joto, na kesho yake saa ileile unapiga picha nyingine. Seli zenye tabia ya kutangatanga zitakuwa zimetambaa kutoka pande zote mbili hadi mkwaruzo umeziba. Zilizotulia zitakuwa zimebaki ukingoni, na mwanya utakuwa uleule.

Sasa Bwana Kimya haingii ndani ya seli kwa miguu yake. Hufungwa kwenye mafuta maalumu ambayo seli huyakubali, kisha seli humwagiwa mchanganyiko huo. Mafuta hayo yalikuja kwenye kichupa kisichozidi kidole gumba, na ukiyaagiza leo ungeweza kubeba mimba na kujifungua kabla hayajafika. Kwa hiyo ilikuwapo sheria ya nyumba ile, isiyoandikwa popote, ambayo Mama Chupa aliirithi kwa mtu aliyemtangulia kwenye kiti chake: mafuta ni ya visima vya kazi tu. Visima vya kulinganishia, vile visivyopewa Bwana Kimya, hupata chakula kitupu. Katika daftari aliandika "kawaida" na kuendelea na shughuli. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemuuliza kawaida maana yake nini.

Jaribio lilipofanywa mara ya kwanza, visima vya kawaida viliziba kabisa, na vya Bwana Kimya vikabaki na mwanya mweupe ambao ungeweza kupitisha gari. Walirudia mara nne, jibu likawa lilelile. Profesa, ambaye hakuwa na desturi ya kutabasamu kabla ya chakula cha mchana, alimshika Mama Chupa mabega mbele ya watu na kusema kwamba bila mikono yake kazi hii isingekuwapo. Wiki nzima watu walipanda ngazi kuja kutazama picha. Kichwa kilimvimba Mama Chupa, na nani angemlaumu? Mtu aliyeosha chupa miaka kumi na saba ana haki ya kuvimba kidogo. Alizipiga zile picha mbili kwa simu yake, kilichoziba na kilichokataa, akazibeba mfukoni.

Na huko mfukoni ndiko zilikotakiwa kubaki.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyezaliwa miaka sita baada yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Fundi alikuwa na chumba cha kushonea kinachotazama barabara, vyerehani viwili, meza ya kukatia na midomo iliyojaa pini, na wateja waliojifunza kutomsemesha mpaka azitoe. Wiki tano kabla ya picha zile, aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali walimtoa sampuli, wakamwambia ni saratani. Daktari wa upasuaji alimpa tarehe. Titi lingeondolewa, uvimbe ulikuwa bado wa sentimita tatu, tezi za kwapani zilikuwa hazina kitu, na daktari alisema wazi kwamba amekuja mapema na mapema ndiyo nusu ya dawa. Fundi alikubali. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kuwapigia wateja simu kuwaambia nguo zao zitachelewa.

Jumapili moja kabla ya tarehe hiyo, walikutana kwa mama yao kama kawaida. Baada ya kula, wakiwa wawili jikoni wanaosha vyombo, Mama Chupa alitoa simu na kumwonyesha. Nia yake ilikuwa njema, alitaka kumtia moyo. Alimweleza mkwaruzo, alimweleza Bwana Kimya, alimweleza seli zilivyosimama ukingoni kama zimesahau zilikokuwa zikienda. Fundi alikausha mikono, akaishika simu kwa mikono miwili. Aliuliza kama hizi ni seli za ugonjwa wake. Dada yake akasema ni ndugu zake. Aliuliza kama dawa imeshapatikana. Dada yake akasema hapana, hii ni hatua ya kwanza, mpaka imfikie mtu ni miaka. Mpaka hapo alisema ukweli mtupu, na kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo.

Lakini Fundi alimtazama na kumuuliza, "Dada, ungekuwa wewe, ungengoja?"

Mama Chupa aliwaza mikono ya Profesa mabegani mwake. Aliwaza watu waliopanda ngazi. "Ningengoja kidogo," alisema. "Nione."

Maneno matatu. Fundi aliomba atumiwe picha, na kesho yake akaipigia hospitali kusema amepata udhuru.

Tarehe ya pili ilipofika, alikuwa na kazi nyingi. Ya tatu, alisema wazi kwamba haendi kukatwa wakati dada yake wa damu yuko mlangoni mwa dawa. Picha alikuwa ameichapisha na kuibana ukutani juu ya cherehani kwa pini nne, na wateja walidhani ni kitambaa. Familia ilianza kumzunguka kwa hila. Kaka yao alimdanganya kwamba wanakwenda kumsalimia mtu hospitali, akamfikisha hadi mlango wa daktari. Fundi aligeuka na kurudi kwa miguu. Mama yao alijitia kuumwa tumbo ili asindikizwe, akaumwa vizuri sana hadi wakamtundikia maji, na Fundi alikaa kando ya kitanda chake siku nzima bila kukaribia jengo la upasuaji. Mama Chupa naye alisema nenda. Alisema nenda mara tatu au nne, kwa ile sauti ya mtu anayekataa chakula huku ameshika kijiko. Ndani yake alikuwa akihesabu: tukirudia kwa seli za aina nyingine, Profesa akiandika, wakubwa wakisoma, labda, nani anajua. Na ndugu zake walipomuuliza nani kamwambia Fundi asubiri, aliuma maneno.

Miezi mitatu ikapita.

Siku ya Jumanne Profesa alimwita ofisini. Makala waliyoipeleka kwenye jarida la kisayansi ilikuwa imerudi na maswali ya wasomaji watatu wasiojulikana majina. Mawili yalikuwa ya kawaida. La tatu lilikuwa na mistari miwili tu: visima vya kulinganishia vilipewa nini?

"Chakula," Mama Chupa alijibu.

"Na mafuta?"

"Mafuta hatutii humo."

Profesa aliweka kalamu chini. Aliuliza tangu lini. Tangu nilipoanza kazi, akasema Mama Chupa, na aliyenifundisha alifanya hivyo pia, si unajua mafuta yanavyosumbua kupatikana. Profesa hakupandisha sauti. Alisema kwamba yeye alidhani muda wote kuwa humo mnatiwa mafuta pamoja na RNA isiyo na maana, ile yenye herufi zilezile zilizochanganywachanganywa hadi haziwezi kunata popote. Hakuwahi kuuliza. Aliona neno "kawaida" kwenye daftari, akaipa kawaida maana yake mwenyewe. Walitazamana kama watu wawili waliokuta mlango wa nyumba umelala wazi, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyefunga.

Wakafanya jaribio upya, safari hii visima vya aina tatu: chakula kitupu, mafuta yenye RNA isiyo na maana, na mafuta yenye Bwana Kimya. Mama Chupa alichora mikwaruzo Alhamisi asubuhi. Ijumaa, kabla ya yeyote kufika, aliinamia hadubini. Kisima cha chakula kitupu kilikuwa kimeziba. Cha Bwana Kimya kilikuwa na mwanya. Na kile cha tatu, chenye mafuta na RNA ya upuuzi, kilikuwa na mwanya uleule, upana uleule, seli zimesimama ukingoni zimeduwaa vilevile.

Kumbe ni mafuta. Yalizitia seli kichefuchefu zikashindwa kutambaa, kama ambavyo mtu aliyekula kitu kibaya hatoki kitandani. Bwana Kimya, kwa seli hizi na kwa kipimo hiki, hakuwa amefanya lolote ambalo mafuta matupu yasingefanya.

Wengine wangewaza makala. Wengine wangewaza kazi yao. Mama Chupa aliwaza pini nne ukutani. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kiti kikarudi nyuma hadi kikagonga friji, akabaki hapohapo hadi Profesa alipoingia na kumkuta. Profesa alitazama kwa hadubini, akatazama tena, akasema wataiondoa makala jaridani leo hii, na kwamba kosa ni lake kwa sababu jina lake ndilo lililotangulia. Alisema pia kwamba makarani wa namna hii wapo kweli, wengine wamewaona katika maabara nyingine na wamewapima ipasavyo, ila wao hapa hawajamwona wa kwao. Alikuwa mtulivu. Ndipo Mama Chupa alipomweleza habari za mdogo wake, na kwa mara ya kwanza Profesa alivuta kiti na kuketi.

Jioni ileile Mama Chupa alikwenda kwenye chumba cha cherehani. Fundi alikuwa akipinda suruali. Dada yake alisema yote kwa mfululizo, akiwa amesimama: mafuta, chakula, visima, kosa. Fundi aliendelea kupinda. Alipomaliza mguu mmoja alitoa pini midomoni moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake, kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Kaka alikuja na ya kusalimia mgonjwa," alisema. "Mama akaja na ya tumbo. Nilikuwa najiuliza zamu yako itafika lini."

Mama Chupa alikula viapo vyote anavyovijua. Havikusaidia; kila kiapo kilizidi kumfanya aonekane mwongo. Na kusema kweli, Fundi hakuwa mjinga. Watu wake walikuwa wamemdanganya kwa wema miezi mitatu mfululizo, sasa dada yake amekuja na habari ambayo inafanana kabisa na uongo unaofuata. Kwa nini ile ya jikoni iwe kweli na hii iwe hila? Mama Chupa akasema tu, njoo uone mwenyewe.

Fundi alifikiri. Alisema atakuja kwa sharti: atachora yeye, atatazama yeye, na asiambiwe kisima kipi ni kipi.

Profesa alikubali bila kusita, maana jaribio lilihitaji kurudiwa hata hivyo, na alisema sharti hilo ni zuri kuliko utaratibu waliokuwa nao. Jumatatu aliweka seli mwenyewe, akafunika alama za visima kwa utepe mweusi na kuandika juu yake moja, mbili, tatu. Hata Mama Chupa hakujua. Jumanne Fundi alifika, akavishwa koti jeupe, akaligeuza pindo lake na kuuliza ni nani aliyeshona takataka hii. Akafundishwa kushika ncha ya pipeti. Alichora mikwaruzo mitatu kama anayepitisha chaki kwenye rula, iliyonyooka kuliko yoyote ambayo Mama Chupa aliwahi kuchora, na Mama Chupa, pamoja na yote yaliyokuwa moyoni mwake, aliona fahari.

Jumatano walirudi saa ileile. Fundi aliinama kwenye hadubini. Ilimchukua muda kuizoea, akawa anafumba jicho lisilotakiwa. Alisogeza sahani yenye visima hadi kisima cha pili, akarudi cha kwanza, akaenda cha tatu. Aliomba karatasi akachora alichokiona. Alitumia vidole kupima kama anavyopima mwanya wa vifungo.

"Namba mbili imefunga," alisema. "Moja na tatu ziko wazi. Tatu labda imezidi kwa unene wa uzi, labda macho yangu."

Profesa alibandua utepe. Namba mbili ilikuwa chakula kitupu. Namba moja, Bwana Kimya. Namba tatu, mafuta na upuuzi.

Fundi alikaa. Mama Chupa alianza kufafanua, akanyamazishwa kwa kiganja.

"Nimeelewa," Fundi alisema. "Ni sawa na mimi nichukue vitambaa viwili. Kimoja nikifue kwa maji ya moto na sabuni mpya, kingine nisikifue kabisa. Kile cha kwanza kikirudi, kikawa kifupi, nitangaze kwamba sabuni inarudisha nguo. Kumbe ni maji ya moto." Alimgeukia dada yake. "Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza asingefanya hivyo."

"Najua."

"Miaka kumi na saba, dada."

"Najua."

Fundi alivua koti, akalikunja vizuri licha ya ushonaji wake, akaliweka mezani. Walishuka ngazi. Nje, kwenye geti, aliuliza kama hospitali huwa wazi saa hizi. Hiyo ndiyo hasira yake. Wengine hupiga kelele, yeye alikwenda kutafuta foleni ya kupanga.

Walipata nafasi Ijumaa. Chumba cha daktari wa upasuaji kilikuwa chembamba, kina kitanda chenye shuka la karatasi, na dirisha ambalo mtu alilipaka rangi likashindwa kufunguka. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alimkumbuka Fundi. Alimpapasa titi kwa utaratibu, kisha kwapa, kisha akarudi kwapani na kukaa hapo muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alitoa kipimo, akapima. Alimwambia avae.

Alieleza bila kuzungukazunguka, na Mama Chupa alimshukuru kwa hilo. Uvimbe sasa ulikuwa karibu sentimita tano. Kwapani palikuwa na tezi iliyovimba, ambayo mara ya kwanza haikuwa na kitu. Bado ugonjwa unatibika, alisema, msitoke hapa mkidhani mlango umefungwa, lakini njia imekuwa ndefu: kwanza dawa za dripu kwa miezi kadhaa ili uvimbe upungue, kisha upasuaji, na huenda mionzi baadaye. Vipimo vya mapafu na ini vifanyike kesho ili ajue kama umekwenda kokote. Nafasi aliyokuwa nayo miezi mitatu iliyopita ilikuwa nzuri kuliko hii, hakuficha hilo.

Kisha akafungua faili, akavaa miwani. "Tarehe tatu zimepita," alisema. "Naomba niandike sababu. Kulikuwa na tatizo gani?"

"Nilikuwa na sare za shule za kushona," Fundi alisema papo hapo. "Shule nzima. Nisingeweza kuwaangusha."

Alisema kwa wepesi mno, kwa uso mkavu, na Mama Chupa alitambua kwamba jibu hilo lilikuwa limetayarishwa tangu getini. Mdogo wake alikuwa amelishona njia nzima, kwa ajili yake. Daktari alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Alikuwa amenyamaza miezi mitatu na hakuna aliyemshtaki, na sasa mwenye kidonda mwenyewe alikuwa anamfunika shuka.

"Si kweli," alisema Mama Chupa. "Ni mimi niliyemwambia angoje."

Daktari aliinua macho. Fundi alimkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Nafanya kazi maabara," aliendelea. "Tulikuwa tunajaribu kitu cha kuzituliza seli hizi. Nilimwonyesha picha. Akaniuliza kama ningekuwa yeye ningengoja, nikamwambia ningengoja kidogo. Picha ilikuwa na kosa, na kosa nililifanya mimi. Hata isingekuwa na kosa, sikupaswa kumwambia vile. Nilipenda kuulizwa. Tafadhali andika hivyo."

Daktari hakumkaripia wala kumpa pole. Aliuliza kama Fundi alitumia kitu chochote kutoka huko maabara, kunywa au kujidunga sindano, na aliposikia hapana, alipumua. Akaandika mistari mitatu, polepole, akaisoma kimya, akagonga muhuri.

Kwenye korido walikaa kwenye benchi kusubiri karatasi za vipimo. Watu walipita na mabahasha yao makubwa ya picha. Fundi alikuwa akiukunja na kuukunjua ukingo wa mtandio wake.

"Nilishakusitiri," alisema. "Kwa nini umejianika?"

"Faili ni lako. Nilitaka liwe na ukweli."

"Ukweli gani? Umenichelewesha na sasa umenifanya mwongo mbele ya daktari." Midomo ilimtetemeka, na safari hii hakukuwa na pini za kuishikilia. Alilia kama alivyolia siku zile mbili za mwanzo, bila kujificha uso, na Mama Chupa hakuthubutu kumshika. Naye alilia. Muuguzi aliyekuwa akipita na toroli alipunguza mwendo, akawatazama, akaendelea na safari yake.

Jina la Fundi liliitwa. Alijifuta, akaenda dirishani, akasaini, akarudi na karatasi ya pinki yenye saa ya kufika kwa vipimo vya kesho: saa moja asubuhi, bila kula kitu. Aliisoma mara mbili, kisha akampa dada yake aisome naye.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

"Utaomba. Siyo leo." Aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne na kuitia kifuani, upande wa kulia. "Kesho uwe hapa. Naogopa, dada, na wewe ndiye unayezijua seli hizi."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu, mlinzi alipokuja kufungua mlango wa jengo la vipimo, alimkuta Mama Chupa amekaa kwenye ngazi na mkoba mapajani, naye akamwambia angoje, bado mapema.